Pazia la Vitenge Viwili

Nilipofika msibani Chang'ombe, Dodoma, siku ya pili baada ya mazishi ya Mzee Shomari, wanaume walikuwa wamekaa kwenye mikeka chini ya turubai, na mazungumzo yalikwisha kumwacha marehemu yakahamia kwenye mvua. Kisha kijana mmoja mwenye kofia ya kufumwa, jirani wa nyumba ya tatu, akamrudia. Alisema, tena kwa wema kabisa, kwamba Mzee alikuwa fundi hodari wa spika hapo zamani, ila masikio yalimwisha mapema mpaka akawa haijui hata kazi ya mkono wake. Wenzake wakaguna kukubali. Nikamuuliza ni nani aliyemwambia. "Ah, Mzee, hiyo inajulikana," akajibu. "Inajulikana na nani?" "Na watu wote." "Watu wote hawawezi kukaa na mtu mmoja wakamsimulia. Mtaje mmoja." Wawili watatu wakacheka, naye akainamia kikombe chake cha kahawa. Kwa miaka yote ya ualimu wangu nimewauliza watu swali hilo, na nimechukiwa kwa ajili yake, wala sijutii. Lakini siku hiyo nililiuliza huku nikilijua jibu. Habari ile ilikuwa na chanzo, na chanzo chake kilikuwa kimekaa palepale mkekani, kimevaa koti la kijivu. Mtu wa kwanza kusema kwamba masikio ya Mzee Shomari hayafai ni mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne nilipopanga chumba katika nyumba yake. Nilikuwa nimetoka chuoni na kupewa kazi ya kufundisha fizikia katika shule moja ya mjini, na nilikuja na sanduku la vitabu, godoro, na imani kwamba jambo lisilopimika halijathibitika. Sebule ya nyumba ile naikumbuka kuliko darasa lolote nililopata kusimama mbele yake. Sakafu ilikuwa ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu na kusuguliwa mpaka ikang'aa, kuta zilikuwa tupu, na juu kulikuwa na bati lisilo na dari. Chumba cha namna hiyo ni adui wa sauti. Ukiweka kijiko mezani, mlio wake huenda ukutani, hurudi, huenda tena. Upepo wa kiangazi ulipovuma, bati liliunguruma hata Bi Mwajuma, mke wa Mzee Shomari, akalazimika kuja mlangoni kusema kile ambacho angeweza kukisema akiwa jikoni. Kwenye ukuta mmoja Mzee alikuwa ametundika kanga tatu nzito, moja juu ya nyingine, na wageni walidhani ni pambo. Hazikuwa pambo. Alizitundika mahali ambapo mwangwi ulimkera, na alipafahamu mahali hapo kwa kupiga makofi huku akizunguka chumba polepole kama mtu aliyepoteza sindano.

Uani ndiko alikotengenezea masanduku ya spika. Koni za spika na waya zilinunuliwa. Sanduku lilikuwa kazi yake. Alitumia mbao za mninga, gundi aliyoichemsha mwenyewe, na ndani alishindilia sufi, ileile ya mito ya kulalia. Lakini kazi haikuanzia kwenye mbao. Kabla hajagusa msumeno alikwenda nyumbani kwa mteja na kuomba chai. Hakuchukua rula. Aliomba aonyeshwe kiti ambacho mwenye nyumba hukalia jioni, akakikalia, akanywa bila haraka, kisha akamwambia mama wa nyumba aende jikoni amwite kwa jina. Nilifuatana naye mara nyingi siku za Jumamosi, na mara nyingi niliona aibu. "Shomari!" mama wa watu aliita, akijizuia kucheka. Naye alifumba macho. "Tena, mama. Sasa niite kama vile nimekuudhi." "Shomariii!" "Haya, asante. Mumeo ana bahati, hajaudhi mtu." Nyumba nzima ikaangua kicheko, naye tayari alikuwa amejua anachotaka kujua. Njiani nilimuuliza kwa nini asipige kinanda au filimbi, kitu chenye sauti isiyobadilika. "Mwalimu," akaniambia, "sikio halikuumbiwa kinanda. Limeumbiwa watu. Tangu tumboni mtoto anasikiliza mtu. Sauti ya mtu ikiharibika kidogo tu utajua, hata kama hujui kilichoharibika. Kinanda kikiharibika utasema ndivyo kilivyo."

Jambo hilo nilikuja kulikuta vitabuni miaka mingi baadaye, limeandikwa kwa maneno marefu zaidi. Nalo la pili pia. Alikuwa amegundua, bila kitabu, kwamba ukipunguza sauti ya redio hupunguzi kila kitu sawasawa: sikio huanza kuzipoteza zile nzito, na nyembamba sana nazo hufifia, zikabaki zile za katikati ambamo mazungumzo ya binadamu hukaa. Na kwa kuwa watu majumbani husikiliza kwa sauti ya chini, mtoto amelala, mgeni anazungumza, aliyatengeneza masanduku yake yasimame pembeni mwa chumba, yakiegemea ukuta, ili ukuta wenyewe urudishe ule uzito ambao sikio limeuacha. Mimi nilifundishwa kwamba spika njema ni ile inayotoa kila sauti kwa kiasi kilekile, na kwamba sikio ni chombo kibovu kisicho na mizani. Tulibishana juu ya sinia karibu kila siku. Bi Mwajuma alitupikia ugali wa uwele na mlenda, na Mzee, ambaye babu zake walifika na misafara wakabaki mjini, hakuacha kunitania mimi mwenyeji wa nchi. "Kula mlenda, Mgogo wangu. Unalainisha njia ya sikio." "Hilo halina ushahidi, Mzee." "Ushahidi unatoka kwenye sahani yako. Mwajuma, mwongeze ushahidi Mwalimu." Nilicheka kidogo. Nilikuwa mtu wa kucheka kidogo hata wakati ule.

Mwaka huo maofisa wa serikali walikuwa wakihamia Dodoma na nyumba mpya zilikuwa zikiota ng'ambo ya reli. Mmoja wao alikuja kwa Mzee Shomari akitaka spika za sebuleni, na akasema wenzake wa safu ile ya nyumba wangefuata chaguo lake. Lakini alikuwa pia na spika mbili za kiwandani alizokuja nazo kutoka pwani, na alikwisha kusikia maneno. Walikuwapo waliosema mjini kwamba masanduku ya Chang'ombe ni ya kishamba, yana sauti ya mtungi. Mzee aliumia kuliko alivyoonyesha. Sifa ya kusikia ndiyo iliyokuwa mali yake; mbao hata seremala mwingine angeweza kuzikata. Mimi ndiye niliyependekeza jaribio. Nilisema maneno ya watu yakomeshwe kwa kipimo: spika ya Mzee na ile ya kiwandani ziwekwe nyuma ya pazia, watu wasikilize bila kuona, waandike wanachokipenda. Mzee alinitazama, akafurahi. "Wewe hupendi umbea," akasema. "Basi wewe ndiye uwe hakimu. Utakalolisema wewe nitalipokea."

Ilikuwa Jumapili baada ya chakula cha mchana. Bi Mwajuma alishona vitenge viwili pamoja, nikavifunga kwa kamba kutoka dirishani hadi kwenye msumari wa mlango, nikaweka meza katikati ya chumba, na juu yake sanduku la Mzee Shomari na spika ya kiwandani ubavu kwa ubavu. Mzee alichungulia. "Langu hukaa ukutani, Mwalimu." "Yote yatakaa mahali pamoja," nikajibu. "Haki ni hiyo." Akarudi kwenye kiti chake. Wasikilizaji walikuwa sita: yule ofisa, majirani wawili, mwalimu mwenzangu mmoja, karani wa shule aliyeitwa Masima, mtu wa Bahi mwembamba asiyeishiwa utani, na wa sita Mzee Shomari mwenyewe. Nilikuwa na kanda moja yenye kwaya na mtu akisoma habari. Nilihamisha waya kutoka huku kwenda kule, nikatangaza "Moja," nikahamisha, nikatangaza "Mbili." Ili mtu asije akasema nimependelea, nilikuwa nimechora alama ya chaki kwenye kifundo cha sauti cha amplifaya, na katika jaribio zima sikukigusa. Niliionea fahari alama ile. Naandika haya nikiwa na miaka mingi kuliko aliyokuwa nayo Mzee siku hiyo, na ninapofumba macho bado naiona: nyeupe, nyembamba, imenyooka.

Nilikusanya karatasi sita, nikazisoma. Zote ziliandikwa Mbili. Mojawapo ilikuwa imeandikwa kwa penseli nene ya seremala, kwa mkandamizo mzito, na mwenyewe nilimjua kabla sijaigeuza. Nikavuta pazia. Mbili ilikuwa ile ya kiwandani. Ofisa akapiga paja lake. "Fundi! Hata wewe umejikataa!" Masima, kwa mazoea yake, akatia neno: "Amezaa mtoto, akamkana hospitalini." Watu wakacheka, na Mzee Shomari alicheka pamoja nao kwa muda mfupi sana, kisha akanigeukia mimi. "Ndivyo, Mwalimu?" Ningeweza kumjibu baadaye, tukiwa wawili. Ningeweza kusema kwamba jaribio moja si jaribio. Nilisimama mbele ya watu wote nikasema, kwa sauti niliyoitumia darasani: "Ndivyo, Mzee. Kipimo hakina urafiki. Kwa kazi hii masikio yako hayategemeki tena." Hayo ndiyo maneno yenyewe, sijayapunguza makali. Bi Mwajuma alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai. Hakumimina. Alilirudisha jikoni.

Baada ya siku hiyo hakutengeneza sanduku jingine. Ofisa na wenzake waliagiza spika zao kwingine, na wateja wa Mzee mmoja mmoja wakaacha kuja, kwa maana nani angempa kazi fundi wa sauti asiyesikia? Alianza kuunganisha nyaya za pasi na kuziba majiko. Tulikula kama kawaida, ila utani ulikwisha. Alikula akitazama sahani, na mkewe alipomsemesha alimtaka arudie, hata pale ambapo nina hakika alikuwa amesikia. Halafu kulikuwa na asubuhi. Ukuta baina ya chumba changu na ua ulikuwa mwembamba, na kila asubuhi, nilipokuwa nikinyoa ndevu kwa ajili ya shule, niliwasikia. "Niite." "Shomari." "Sogea mpaka kwenye pipa. Niite." "Shomari." "Umenena?" "Nimenena, baba." "Sema polepole zaidi. Sasa nenda nyuma ya choo." Na sauti ya Bi Mwajuma ikasogea mbali, ikipungua, ikiita jina lilelile, na baada ya kila mwito kulikuwa na kimya ambacho mimi nilikisikia upande wa pili wa ukuta, nikiwa na povu la sabuni shavuni. Alikuwa akiyapima masikio yake. Sijui alipata nini. Hakuniambia, wala sikuuliza. Najua tu kwamba mtu aliyeambiwa hasikii huanza kutilia shaka hata kile anachokisikia, na kwamba hakuna chombo cha maabara kinachoweza kuiondoa shaka hiyo.

Katika muhula wa mwisho shule ililetewa shehena ya vifaa vya maabara, na ndani yake mlikuwa na mita ya kupimia ukubwa wa sauti. Nilitaka kuandaa somo zuri, nami nikakumbuka kwamba sanduku moja la jaribio Mzee alikuwa amenipa, hataki kuliona, na kwamba ofisa, alipopata spika zake mpya, alikuwa ameiachia shule zile zake mbili. Nikaziweka mezani maabara alasiri moja, pamoja na amplifaya ileile, Masima akinishikia waya. Nikaweka kifundo kwenye alama ya chaki, ambayo ilikuwa bado haijafutika, nikapima moja, nikapima ya pili. Spika ya kiwandani ilisoma desibeli tatu zaidi. Nilipima mara nne. Spika mbili zikipewa umeme uleule hazilazimiki kutoa ukubwa uleule wa sauti. Moja huitikia kwa wepesi kuliko nyingine. Na tofauti ikiwa ndogo kiasi hicho, sikio haliioni kama ukubwa. Huiona kama uzuri. Mtu husema hii ni safi zaidi, hii ina uhai, wala hajui kwamba amechagua tu ile inayopaza kidogo. Kifundo nilichojivunia kutokigusa ndicho nilichopaswa kukigusa. Nikasawazisha sauti kwa mita, nikalisogeza sanduku la Mzee Shomari ukutani lilikoumbiwa kukaa, nikapunguza yote mpaka kiwango cha sebule yenye mtoto aliyelala, nikampa Masima mgongo, akawa anabadilisha waya. Nilichagua lile la mninga mara tano kati ya sita. Tukabadilishana. Masima alilichagua mara sita, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuwa na utani. "Huyu msomaji wa habari amekaa humu chumbani," akasema. "Mwalimu, twende tukamwambie Mzee. Sasa hivi."

"Subiri," nikamwambia, "nihakikishe." Neno hilo nimelifanyia kazi maisha yangu yote, na nimewafundisha mamia ya wanafunzi kulipenda. Siku hiyo halikuwa na maana niliyoifundisha. Nilikuwa nimehakikisha. Nilikuwa na namba, nilikuwa na shahidi, na masikio yangu yalikwisha kukiri. Nilichohitaji ni kwenda hatua mia kadhaa na kusema mbele ya mzee mmoja na birika la chai kwamba nilikosea, na kwamba watu wote sita, yeye pamoja nao, walisikia sawasawa kabisa kile ambacho mimi niliwapa wakisikie. Nikasema nitarudia jaribio wiki ijayo. Wiki ijayo ilikuwa ya mitihani. Kisha ikaja barua ya uhamisho, nikafunga vitabu, Mzee akanisindikiza kituoni na mfuko wa zabibu, na mimi nikamshukuru kwa zabibu.

Nimerudi Dodoma baada ya kustaafu na nimejenga Mkonze. Kutoka Mkonze hadi Chang'ombe si safari. Katika miaka yote hiyo nilimwona mara moja, sokoni, akichagua nyanya. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mzee," naye akaitambua sauti kabla hajainua uso. Hilo peke yake lilitosha kuwa ushahidi, kama ningetaka ushahidi. "Marahaba, Mwalimu wangu! Umerudi. Una neno lolote?" Nikajibu kwamba ni salama tu. Akaniangalia kitambo, akarudia: "Huna neno?" "Sina, Mzee. Ni salamu." Akatikisa kichwa, akarudi kwenye nyanya zake.

Basi pale msibani, baada ya yule kijana kunyamaza, niliinuka nikaomba kumpa pole Bi Mwajuma. Yumo edani, haonani na wanaume wa nje, kwa hiyo mjukuu wake aliniketisha sebuleni, na yeye akazungumza kutoka chumbani, nyuma ya pazia la mlango. Sakafu ilikuwa ileile. Kanga tatu zilikuwa ukutani, zimepauka. Pembeni, yakiegemea ukuta, yalikuwapo masanduku mawili ya mninga ambayo sikuyajua. Nilimpa pole, kisha nikamweleza yote, alama ya chaki, mita, desibeli tatu, Masima, uhamisho. Sikujitetea.

"Masima alikuja," akasema Bi Mwajuma nilipomaliza. "Mwaka uliofuata, kabla hajarudi kwao Bahi. Alimweleza haya yote."

Masima amekufa siku nyingi. "Kumbe Mzee alijua?"

"Aliambiwa. Hakukubali. Alimwambia, 'Masima, nakushukuru, lakini hayo ni maneno ya kuletewa. Mwalimu aliishi hapa kwangu akinifundisha nisiamini ya kuletewa. Aliyepima ni yeye. Akija akaniambia kwa mdomo wake, nitaamini.' Hayo masanduku unayoyaona aliyatengeneza usiku mmoja wa Ramadhani, halafu hakuyawasha. Alisema yanangoja." Akakohoa. "Uliporudi kujenga Mkonze tukasikia. Alinyoa, akavaa kanzu, siku tatu mfululizo. Haya, Mwalimu. Mimi nimekusikia. Lakini mimi siye uliyemsema mbele za watu."

Nikatoka. Jua lilikuwa limesogea, na wanaume walikuwa wamevuta mikeka kufuata kivuli cha turubai. Sikukaa. Nikasema, kwa sauti ileile ya darasani, maana sina nyingine, kwamba masikio ya Mzee Shomari yalikuwa mazima, kwamba masanduku yake yalikuwa bora kuliko yale yaliyomshinda, na kwamba habari waliyokuwa wakiirithishana ilikuwa uongo tangu siku ya kwanza. Wakanitazama wote. Yule kijana mwenye kofia akaweka kikombe chini, na bila ufidhuli wowote, kama mtu aliyejifunza muda mfupi uliopita, akaniuliza:

"Nani kakuambia, Mzee?"

"Hakuna aliyeniambia," nikasema. "Nilikuwa nyuma ya pazia, waya ukiwa mkononi mwangu."

Akasogea, akanipisha nafasi mkekani. Nikakaa, nikaanza na alama ya chaki.